Wiki Moja Haitibu Kifua Kikuu

Kifua kikuu hakiponi kwa wiki moja. Hata kwa dawa za leo mgonjwa kwa kawaida humeza vidonge kwa miezi sita, na katika miaka ya sitini matibabu yalichukua mwaka mzima au mwaka na nusu, tena pamoja na sindano za streptomisini ambazo aliyedungwa hazisahau. Baada ya majuma machache ya dawa kikohozi hupungua, homa hushuka, hamu ya chakula hurudi, na hapo ndipo hatari inapoingia. Mgonjwa hujiona mzima, akaacha dawa akaenda zake. Vijidudu vilivyosalia mwilini huibuka upya, safari hii vikiwa vimeshazoea kupigana na dawa, na anayevipata kutoka kwake huanza na ugonjwa mgumu kuliko ule wa mwanzo.

Ninauleta ugonjwa huu kwa sababu kila mwaka, Agosti ikikaribia, kanisa letu hapa Nairobi huchangisha fedha za wiki ya misheni. Tunakwenda kaskazini, kwenye ukame. Tunachapisha fulana, tunakodi basi, tunabeba unga, maharagwe, mafuta ya kupikia na magunia ya mitumba, na madaktari wetu wawili watatu hufungua kambi ya matibabu chini ya hema. Tukirudi, ripoti husomwa madhabahuni: waliotibiwa ni kadha wa kadha, waliookoka ni kadha wa kadha. Niko katika kamati ya misheni na ninaipenda kazi hiyo. Nimeona mama aliyepimwa shinikizo la damu chini ya hema lile akajua kwa mara ya kwanza kwa nini kichwa kilikuwa kikimuuma. Ni jambo jema. Lakini kadiri ninavyosoma habari za mwanamke mmoja aliyefika huko huko kaskazini kabla wengi wetu hatujazaliwa, ndivyo ninavyoamini kwamba maskini wa utamaduni mwingine wanahitaji kutoka kwetu kitu ambacho basi la kukodi haliwezi kukibeba.

Anaitwa Annalena Tonelli. Alizaliwa Forlì, Italia, mwezi wa Aprili 1943, akasomea sheria Bologna, na tangu ujana alikuwa akizunguka katika mitaa ya maskini ya mji wake. Mwaka 1969 alikuja Kenya kama mwalimu, na muda si mrefu akawa Wajir, mji wa Wasomali kaskazini mashariki mwa nchi. Hakuwa mtawa. Hakutumwa na shirika lolote la kimisionari, hakuwa na mshahara wala pensheni ya kumngoja uzeeni. Marafiki wa Forlì walichanga, naye akaishi kwa kile kilichofika, katika ufukara uliowashangaza hata maskini wenyewe. Wanawake wengine wachache walimfuata wakaishi naye na kufanya kazi pamoja, wakiwatunza watoto wenye ulemavu katika kituo walichokifungua mjini.

Anayeijua Wajir ya leo yenye serikali ya kaunti airudishe picha nyuma. Vita vya Shifta, vya Wasomali wa kaskazini mashariki waliotaka kujitenga na Kenya, vilikuwa vimemalizika mwaka 1967 tu. Eneo zima la kaskazini mashariki lilitawaliwa kwa sheria za hali ya hatari, na sheria hizo hazikufutwa mpaka mwaka 1991. Wakati wa vita serikali ilikuwa imewaswaga wafugaji katika vijiji vya lazima, mifugo ikafa kwa kukosa malisho, na watu waliozoea kufuata mvua wakajikuta wakihesabiwa kila siku na askari. Msomali wa Wajir akipanda gari la Nairobi alisema anakwenda Kenya, na wapo wanaosema hivyo hadi leo. Kwao mgeni kutoka kusini alikuwa ama askari ama karani, na wote wawili walikuja na amri.

Tonelli hakuwa na hata uzito wa karani. Mwaka 2001 alikubali kusimama Vatikani na kueleza maisha yake, jambo ambalo alilikwepa kwa miaka mingi, na katika maelezo yale alitaja sababu zilizowafanya watu wa Wajir wamwone si kitu. Alikuwa kijana, na kijana hasikilizwi mbele ya wazee. Alikuwa mweupe katika jamii isiyoona fahari yoyote katika weupe. Alikuwa Mkristo kati ya Waislamu. Na zaidi ya yote hakuwa ameolewa, wala hakuwa na mpango wa kuolewa, katika jamii ambayo haikuwa na nafasi ya mwanamke wa namna hiyo. Hapo ndipo ninapopapenda zaidi katika habari yake. Sisi tunapofika kaskazini tunashuka kwenye basi tukiwa watu wa maana: tuna daktari, tuna unga, tuna kipaza sauti. Yeye ilimbidi akae miaka akiwa mtu wa chini kabisa katika mji aliokuja kuuhudumia, na alikaa.

Katika miaka ile ya kukaa ndipo alipowaona wagonjwa wa kifua kikuu. Hawakujitokeza wenyewe. Ugonjwa huo uliwatia watu aibu kubwa, ukaonekana kama laana inayoshuka juu ya nyumba nzima. Binti aliyejulikana kuwa na dada mwenye kifua kikuu aliweza kukosa mchumba. Mtu alikohoa damu akasema ni mafua, na jamaa zake wakamsaidia kusema hivyo. Wengine waliachwa nyuma wakati familia ilipohama, maana hawakuweza kutembea. Tonelli alianza kwa kuwaosha na kuwalisha, akajifunza udaktari wa ugonjwa huo kazini na kwa masomo aliyoyafuata baadaye.

Tatizo la tiba lilikuwa bayana kwa kila mganga wa serikali: mfugaji wa kuhamahama hawezi kulazwa hospitali mwaka mzima, na ukimpa dawa aondoke nazo hutamwona tena. Maofisa wengi walikuwa wameshaandika jibu lao, kwamba watu hawa hawatibiki mpaka watulie mahali pamoja. Mwaka 1976 Shirika la Afya Duniani lilimkabidhi Tonelli mradi wa majaribio wa kuwatibu wafugaji hao, naye akalipindua swali. Badala ya kuuliza namna ya kumfanya mfugaji awe mgonjwa wa wodini, aliuliza namna ya kuifanya wodi iwe makao ya mfugaji.

Ndipo ikazaliwa Manyatta, yaani boma la wafugaji, ya kifua kikuu. Mgonjwa alikuja na jamaa zake na vibanda vyao, miti iliyopindwa na mikeka inayobebwa na ngamia, wakavisimamisha jangwani mbele ya kile kituo cha wenye ulemavu. Watu wanaohama kila msimu hawafundishwi kuhamia mahali. Hiyo ndiyo kazi wanayoijua kuliko mtu yeyote. Hapo walikaa miezi sita, wakala vyakula vyao, wakasali sala zao, wakalala na watoto wao. Kila siku mgonjwa alimeza dawa mbele ya macho ya mhudumu. Miezi sita ikiisha walikunja mikeka wakaondoka, wamepona.

Miezi sita ilitosha kwa sababu ya dawa mpya, hasa rifampisini, na hapa nataka Waafrika Mashariki wajue sehemu yao. Majaribio makubwa ya kwanza ya tiba hiyo fupi yalifanywa kwetu, mwanzoni mwa miaka ya sabini, na watafiti wa Afrika Mashariki wakishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Wagonjwa waliokubali kujaribiwa walikuwa watu wetu. Mwishoni mwa muongo huo Tanzania nayo ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, akisaidia daktari Karel Styblo, ambapo dawa ilimezwa chini ya usimamizi na kila mgonjwa akafuatiliwa katika daftari hadi mwisho. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza mwaka 1993 kwamba kifua kikuu ni dharura ya dunia nzima, na kisha kuusambaza mkakati unaoitwa DOTS, wa kumeza dawa mbele ya mhudumu, mambo yaliyokuwa yakifanyika kwenye mchanga wa Wajir na katika wilaya za Tanzania ndiyo yaliyokuja kufuatwa ulimwenguni.

Kuna historia nyingine ya misheni hapa hapa kwetu ya kuiweka kando ya hiyo. Ukitoka kisiwani Mombasa kwa daraja la Nyali unafika mahali panapoitwa Kengeleni. Kengele yenyewe ingali pale kwenye tao lake. Ni masalio ya Freretown, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1875 na wamisionari wa Kianglikana wa Church Missionary Society (CMS) kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wameshaanza Bagamoyo mwaka 1868 kwa kazi kama hiyo. Siwezi kuidharau. Mtoto aliyeibwa Nyasa na kutupwa pwani hakuwa na kwao pa kurudi; alipata chakula, paa, kusoma, na baadhi yao wakawa waalimu na wachungaji wa kwanza wa makanisa yetu. Lakini kengele iliamua kila kitu: kuamka, kulima, kusali, kulala. Mwaka 1881 malalamiko juu ya adhabu kali walizopewa wanakijiji wa Freretown yalifika mbali hata uchunguzi ukafanywa. Watu waliotoka kwenye minyororo walipewa upendo wenye ratiba ya mtu mwingine, na aliyechelewa aliona upande wake wa pili.

Tofauti ya Freretown na Manyatta haimo katika wema wa moyo. Naamini walikuwako watu wema kwenye kengele ile. Imo katika kuuliza nani anahama. Freretown mhudumiwa alihamia katika maisha ya mhudumu, mpaka nguo na jina. Wajir mhudumu ndiye aliyehama, na tiba ya kisasa kabisa ikahama naye, mpaka ikafanana na kambi ya ngamia. Nguvu ya dawa haikupungua hata chembe. Kilichopungua ni majivuno ya mtoa dawa.

Najua swali linalofuata, maana limeulizwa katika kamati yetu nilipoisimulia habari hii. Mzee mmoja wa kanisa, mtu ninayemheshimu sana, aliniuliza: “Ndugu, alibatiza wangapi?” Nilimjibu kwamba hakuwa akibatiza, wala hakuhubiri kwa maneno, na kwamba kila aliyeishi naye alijua anaamini nini. Mzee akatikisa kichwa. Agizo Kuu la Yesu, la kwenda kuwafanya mataifa yote kuwa wanafunzi, alisema, halijabadilika.

Halijabadilika, nami sitaki libadilike. Nimekombolewa na Injili iliyohubiriwa kwa maneno, na bibi yangu aliipokea hivyo hivyo. Lakini Bwana aliyesema enendeni ndiye aliyesema, sura tatu tu nyuma ya hapo, kwamba siku ya hukumu atauliza habari za mwenye njaa, mgeni, mgonjwa na mfungwa, na kwamba watakaosifiwa watashangaa, kwa maana hawakujua kuwa ni yeye waliyekuwa wakimhudumia. Tonelli aliichukua sura hiyo kama ilivyoandikwa. Aliwapenda wagonjwa wa Kiislamu bila kungoja wawe kitu kingine. Katika ushuhuda wake wa Vatikani alisimulia mzee mmoja wa kule aliyemwambia kwamba wao Waislamu wana imani, naye ana upendo. Wapo Wakristo watakaoona hapo ushindi usiotimia. Mimi naona mtu wa imani nyingine amemtambua Kristo kwa alama ile ile ambayo Kristo mwenyewe alisema wanafunzi wake watajulikana kwayo. Na kuna jambo tunaloliruka tukihesabu waliookoka chini ya hema: mtu mwenye njaa anayeombewa na mwenye gunia la unga hayuko huru kukataa. Uamuzi uliofanywa hapo sijui niuandike kwenye safu gani ya ripoti.

Tena upendo wake haukuwa wa kunyamaza. Tarehe 10 Februari 1984 vikosi vya usalama vilianza kuwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia na kuwapeleka kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, kilomita kama 15 kutoka mji wa Wajir. Walivuliwa nguo, wakalazwa kwenye jua kali siku kadhaa bila maji wala chakula. Wengi walipigwa risasi, wengine wakachomwa moto, na maiti na majeruhi wakatupwa porini. Mwanzoni serikali ilikiri vifo 57. Manusura na jamaa zao wanataja idadi kubwa mno kuliko hiyo, wengine wakifika 5,000. Tonelli alitoka na gari kuwatafuta walio hai porini, akasaidia kuzika waliokufa, na orodha ya majina pamoja na picha zikatoka Wajir hadi mikononi mwa wanadiplomasia wa nje. Mwaka uliofuata alifukuzwa nchini. Ilibidi tungoje mpaka mwaka 2013 ndipo Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ikaliandika jambo la Wagalla katika ripoti rasmi ya taifa letu kama uovu uliofanywa na dola.

Nimeambiwa mara nyingi kwamba mhudumu wa maskini ajiepushe na siasa asije akafungiwa mlango. Ni ushauri wa watu wenye busara na miradi mingi imeokoka kwa kuufuata. Lakini mtu aliyekaa na wagonjwa wa Degodia miaka yote hiyo, aliyejua majina ya watoto wao, angewezaje kukaa ndani akiendelea kuhesabu vidonge? Aliyekuja kwa wiki moja angeweza. Hangekuwa anamjua mtu yeyote pale uwanjani.

Baada ya Kenya alikwenda Somalia, Belet Weyne, kisha Mogadishu katikati ya vita na njaa iliyofuata kuanguka kwa rais Siad Barre mwaka 1991, kisha Merca. Daktari Mwitaliano aliyekuwa akiiendesha hospitali ya kifua kikuu ya Merca baada yake, Graziella Fumagalli, aliuawa kwa risasi Oktoba 1995. Tonelli hakurudi kwao. Mwaka 1996 alianza tena Borama, Somaliland: hospitali ya kifua kikuu, shule ya watoto viziwi, kliniki za upasuaji wa macho, na mapambano dhidi ya ukeketaji akishirikiana na wanawake wa huko huko. Alipoanza kuwatunza wenye UKIMWI wapo waliomchukia kwa hofu kwamba anawaletea maradhi mjini. Juni 2003 Umoja wa Mataifa ulimpa Tuzo ya Nansen, ile wanayopewa waliowatumikia wakimbizi. Jioni ya tarehe 5 Oktoba mwaka huo huo alipigwa risasi katika eneo la hospitali yake Borama, akafa. Alikuwa na miaka 60.

Sitaki kumfanya sanamu. Kazi iliyobebwa na mtu mmoja wa ajabu ina udhaifu wake, na michango ya Forlì si njia ambayo kila kaunti inaweza kuitegemea. Si kila Mkristo ameitwa kuishi bila ndoa, bila mshahara na karibu bila usingizi. Hata hivyo, Wajir hadi leo kuna kituo cha afya cha serikali kinachoitwa TB Manyatta, na wanaokihudumia ni Wakenya. Shule ya viziwi ya Borama haikufungwa alipokufa. Aliacha watu waliojua kazi, Wasomali wenyewe, na hilo linamtofautisha na wafadhili wengi walioondoka na funguo.

Kwa hiyo kamati ikikutana mwezi ujao nitapeleka pendekezo. Fedha za basi, fulana na mahema tusizitumie mwaka huu. Tuchague mahali pamoja kaskazini, na kabla ya kupanga chochote tumtume mtu akae na afisa wa kliniki ya kifua kikuu ya huko na wazee wa mahali hapo, awaulize kinachowafanya wagonjwa waache dawa. Nimeshazungumza na wahudumu wa afya ya jamii wa kaunti mbili, na majibu yao hayana fahari yoyote ya kusomwa madhabahuni. Dawa ni bure, lakini kuzimeza tumboni hamna kitu kunaleta kichefuchefu, hivyo mgonjwa maskini huziacha. Nauli ya kwenda kliniki inashinda bei ya mbuzi wakati wa ukame. Mhudumu ana pikipiki, hana petroli. Haya ni mambo ambayo kanisa la watu wa kawaida linaweza kuyalipia, mwezi baada ya mwezi, kwa miaka mitano, bila jina letu kuandikwa mahali popote. Na kama kuna kijana wetu mmoja, wa uuguzi au wa maabara, aliye tayari kujifunza Kisomali na kupanga nyumba huko, tumtegemeze yeye badala ya watu hamsini wa wiki moja.

Mzee wangu ameshaniambia atalipinga. Anasema washirika hawatatoa sadaka kwa jambo wasiloliona, na kwamba vijana wetu huamka kiroho katika safari zile. La pili ni kweli, nimeliona kwa macho yangu, na nimemwomba mchungaji tulitafutie nafasi yake: vijana waende, lakini waende kama wanafunzi, wakae na wenyeji wao wasikilize, na gharama hiyo tuiandike katika bajeti ya mafundisho ya vijana, maana ni wao wanaofaidi. La kwanza bado tunabishana. Mweka hazina amekubali kukokotoa petroli ya pikipiki mbili na unga wa wagonjwa kumi kwa miezi sita sita, ili siku ya mkutano tuwe na tarakimu mezani.